Mashine Isiyo na Sura

Kitendawili. Itikia basi, usinitolee macho. Nimejenga nyumba, nimeipaua, nimetia ndani vitanda na vyungu na unga wa kutosha. Mlango nimemwambia mgeni aje na wake. Ni nini hicho?

Fikiri taratibu. Ukishindwa utanipa mji, kama ilivyo ada, ila usinipe Misigiri. Misigiri kuna mtu hataki kurudi, na habari zake ndizo hizi.

Mtu huyo ni Luciana, mama Scola, wa Utemini, Singida mjini. Alikuwa na chumba cha mbele kwenye nyumba ya kupanga, mlango wake ukitazama barabara, juu pameandikwa kwa rangi ya bluu: STESHENARI NA UCHAPAJI. Ndani mlikuwa na meza, benchi la wateja, rafu ya madaftari, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Ilinunuliwa kwa kiinua mgongo cha mumewe, Gasto, miaka ile mashirika ya umma yanauzwa na wafanyakazi wanaambiwa asanteni, kapumzikeni. Gasto alikuwa mtunza stoo. Sasa kazi yake ilikuwa kuvaa shati la kazini kila asubuhi na kwenda kukaa nalo uani.

Luciana ndiye aliyelisha nyumba. Alijifunzia kuchapa kwenye taipureta, na kompyuta aliizoea kwa picha: hapa pana kadaftari, bonyeza, pale pana kaprinta, bonyeza. Asingeweza kukueleza imetengenezwaje, lakini barua yako ya kuomba kazi ungeipata kabla soda yako haijaisha.

Jumapili moja mashine ilikuwa mahututi. Mteja mmoja alileta diski yenye virusi, na tangu hapo kila ikiwashwa inazimika, inawaka, inazimika. Scola, binti yao aliyeolewa Manyoni, akamleta mumewe aje kuitibu. Derick alikuwa fundi wa hayo mambo, kijana mrefu, mpole, wa kuongea akitazama vidole vya miguu yake. Mkwe mwema kabisa. Tabu ilikuwa hiyohiyo, kwamba alikuwa mkwe.

Kwao mkwe wa kiume hakai meza moja na mama mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, na jina lake halitamki hata akiulizwa na polisi. Kwa hiyo Scola alifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye rafu, akatundika khanga. Derick na mashine wakawa upande wa ndani, Luciana kwenye benchi upande wa barabarani, na Scola katikati, ameshika pindo la khanga kama kondakta anayeshika mlango.

"Mama," Scola akasema, "anasema ule mfumo wa zamani, unaoiendesha mashine, ulikuwa wa kunakili. Wa wizi. Ndiyo maana unaugua ovyo. Yeye hawezi kumwekea mama mkwe mali ya wizi."

"Mwambie asante."

"Amekuletea mwingine, wa bure. Anasema umetengenezwa na watu wa dunia nzima, kila mmoja analeta tofali lake, na hakuna anayeuziwa."

"Mwambie Mungu awazidishie."

Kutoka uani Gasto akakohoa. "Cha bure kina mwenyewe," akasema. 

Mashine ilinguruma muda mrefu. Luciana alikaa akisikiliza, mikono mapajani, kama mtu aliyeleta mgonjwa wodini na kuambiwa asubiri nje. Mwishowe Derick akasema jambo kwa sauti ya chini. Luciana alilisikia lote, maana khanga si ukuta. Lakini la mkwe halijasikika mpaka mjumbe alilete, basi akangoja.

"Anauliza," Scola akasema, "mama anataka sura ipi?"

"Sura ya nani?"

"Ya mashine. Zile picha picha unazobonyeza. Huu mfumo hauji na sura. Sura ziko kwenye hizi diski nyingine, ziko nyingi, na mwenye mashine ndiye anayechagua. Kuna moja ina mapambo lakini ni nzito. Kuna nyepesi. Kuna moja ni kavu kabisa, watu wa kazi ndiyo wanayoipenda."

Luciana hakuwahi kujua kwamba mashine na sura yake ni vitu viwili. Nani anajua hilo? Mtu akizaliwa anakuja na uso wake, humwulizi mama mzazi atapenda upi. Akaitazama ile khanga. Kumwambia mkwe "sijui" ilikuwa kama kujifunua mbele yake. Kumwambia "nichagulie" ilikuwa kumwingiza mkwe jikoni, akaonje mboga. Akafanya anavyofanya mtu mzima yeyote anayejiheshimu.

"Mwambie nimeelewa."

"Umeelewa au umechagua?"

"Mwambie nimeelewa, Scola."

 "Sawa," Derick akasema. "Tusimharakishe mama. Nimeacha nafasi wazi, sura itawekwa atakapoamua. Mtu hachaguliwi."

Basi heshima ya huyu ikaifungia mlango heshima ya yule. Wageni wakala chumba cha ndani, Luciana akala jikoni, na mchana wakapanda basi kurudi Manyoni.

*

Kesho yake asubuhi akaja mwalimu Zefania, mkuu wa shule, bahasha ameificha ndani ya koti. Ilikuwa mitihani ya majaribio ya darasa la saba kwa kata nzima. Kila mwaka aliileta kwa Luciana, kwa sababu moja: haikuwahi kutoka nje ya chumba kile kabla ya wakati wake. Ng'ambo ya barabara, kwa Simoni, kulikuwa na kompyuta mbili na mashine ya kutolea kopi, lakini karatasi za kule zilikuwa na miguu.

"Alhamisi watoto wanaketi," mwalimu akasema. "Jumatano jioni nikija nizikute."

"Utazikuta, mwalimu."

Akaondoa kitambaa, akakikunja, akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe yakapita mbio kama siafu wanaohama, yakaisha, likabaki neno moja na kamstari kanakopepesa mbele yake.

"Inaniuliza jina," Luciana akasema.

"Si uipe."

Akaandika Luciana. Ikamwuliza neno la siri. Hilo alilijua, Jumapili Scola alikuja kumwuliza sikioni, naye akampa jina la mbuzi wake wa utotoni kule Mungaa. Akaliandika. Kiooni hakikutokea kitu, hata nukta. Akadhani kibodi imekufa, akabonyeza kwa nguvu, kidole kimoja kimoja, kama anayekamua jipu. Ndipo mashine ikaandika mstari wa Kiingereza na kurudi palepale ilipoanzia.

"Inasemaje?" mwalimu akauliza, ijapokuwa Kiingereza alikifundisha yeye.

"Inasema hainifahamu."

Akajaribu tena. Akajaribu jina la Gasto, la Scola, akajaribu la ubini. Kila mara ilimkana kwa adabu ileile. Mteja mmoja aliyekuja kuchapa barua ya udhamini alikuwa ameshainuka kwenye benchi kuja kuchungulia. Na Simoni naye akaingia, kwa kisingizio cha kuazima pini.

"Mama Scola, mbona kioo kimevaa kaniki? Tuna msiba?"

"Mkwe ameweka mfumo mpya."

"Umemlipa?"

"Mkwe hulipwa wapi."

"Basi hapo ndipo ulipokosea." Yule mteja akacheka. Simoni akainama, akagusa kibodi kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima nyama imelala siku ngapi. "Gari zuri, usukani hawajaweka. Mwalimu, kama una haraka, kwangu ni wazi."

Mwalimu Zefania akampa mgongo. Aliweka bahasha mezani kwa Luciana, akaisukuma mpaka chini ya kitambaa kilichokunjwa. "Jumatano, mama Scola," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Ukishindwa mimi sina pa kwenda ila huko. Unanielewa."

Alimwelewa. Yule wa barua ya udhamini akamfuata Simoni ng'ambo ya barabara.

*

Jioni Gasto alikula kimya, akamaliza, akanawa. Alipoanza kukausha kidole kimoja kimoja Luciana alijua lipo neno.

"Nimeonana na Simoni."

"Nami nimemwona."

"Anaichukua mashine. Na meza, na printa. Hata kile kibao cha nje anakitaka. Bei yake si mbaya."

"Tutaifanyia nini hiyo bei isiyo mbaya?"

"Turudi Misigiri. Mama yuko peke yake. Shamba lipo, na alizeti siku hizi inalipa, wanunuzi wanaifuata hukohuko."

"Na mimi?"

"Wewe una nini? Jiko si lipo."

Jiko lilikuwepo, na mama mkwe Sikudhani hakuwa mtu mbaya. Si hilo. Luciana aliondoa sahani, akafuta meza pale palipokuwa pamekwishafutwa.

"Baba Scola, tangu tuanze hii kazi, hela ya sabuni sijamwomba mtu. Nikienda Misigiri nitakuomba wewe. Nawe utauza debe la alizeti, utazihesabu, utanipa, utaniuliza ile ya juzi imeisha lini."

"Sijawahi kukuuliza hivyo."

"Hujawahi kwa sababu sijawahi kukuomba."

Gasto akamaliza kukausha kidole cha mwisho. Alipoongea tena hakuwa na hasira, na hapo ndipo palipouma. "Kila asubuhi unaniwekea hela ya gazeti chini ya kikombe. Unaiweka, halafu unageuka unatazama ukuta, ili tusitazamane. Unadhani siuoni huo ukuta? Hata mimi nimechoka, mama Scola. Kule nikishika jembe hakuna anayenitazama."

 Wote wawili walikuwa wamefungwa kamba ileile, kila mmoja akiivuta upande wake, na kila mmoja akimkaza mwenzake. Akamwambia, "Nipe mpaka Jumatano."

"Simoni anakuja Jumatano asubuhi," Gasto akasema. "Nimeshampa neno."

*

Siku zile simu ya mkononi ilikuwa ya mtu mwenye nafasi. Jumanne asubuhi Luciana alikwenda kwenye kibanda cha Theodora, karibu na soko, akanunua dakika zake, akapewa simu iliyofungwa mnyororo. Theodora alikuwa na tabia ya kupanga vocha zake huku akisikiliza za watu.

"Scola, mashine yenu imenikana."

"Imekukana vipi, mama?"

"Naiandikia jina langu, inasema haimjui mtu huyo. Mwulize mumeo ameniandika nani humo ndani."

Akasikia minong'ono upande wa pili. Scola aliporudi alikuwa anajizuia kucheka.

"Mama, hajaandika jina lako. Angeliandikaje? Anasema mkono ulimkataa. Amekuandika mama."

"Mama."

"Mama tu. Kwa herufi ndogo."

Theodora akaacha kupanga vocha. Luciana akageukia ukuta. Jana yake kutwa nzima alikuwa amesimama mlangoni kwake akitaja jina alilopewa na padri, kumbe humo ndani anajulikana kwa heshima tu. Hata kukasirika hakuweza, maana kama kijana angeliandika lile jina, yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema amelelewa wapi huyu.

"Nikishaingia?"

"Ukishaingia," Scola akasema, kisha akanyamaza kumsikiliza mtu. "Anasema ukishaingia hutakuta kitu, mpaka sura iwekwe. Ila anasema kila kitu kimo. Kuchapa kumo, kupiga hesabu kumo, ni kuandika amri tu."

"Amri mimi namwamrisha nani?"

"Hata mimi ndivyo namwuliza. Anasema watu wanaoutengeneza wenyewe wanabishana. Wako wanaosema uje na sura yake, mtu akifungua aikute. Wengine wanasema hapana, ukimwekea moja zile nyingine atazijuaje? Atakaa na hiyohiyo mpaka kufa, akidhani dunia ndiyo imeishia hapo. Yeye Derick yuko na hawa wa pili."

"Mwambie kwamba mwalimu Zefania yuko na watoto wa darasa la saba."

Minong'ono tena, safari hii ya kubishana. "Mama, anasema yuko tayari kuja kesho na basi la kwanza. Anasema tu asije akakosea. Anauliza, mama anataka sura ipi?"

Luciana alifungua kinywa. Theodora alikuwa amemkazia macho, vocha mkononi. Simu ikalia tii, tii, dakika zikawa zimeisha.

"Niongeze?" Theodora akauliza.

"Acha."

*

Akarudi, akafunga nusu ya mlango ili asionekane, akaandika mama, kwa herufi ndogo. Akaandika jina la mbuzi. Safari hii mashine haikumkana. Ilimkaribisha kwa mistari miwili mitatu, ikamwachia alama na kamstari kanakopepesa, basi.

Alingoja. Akadhani labda inapanga vitu. Akazungusha mausi, hakikutembea kitu. Akaandika kuchapa. Ikamjibu kwamba haina habari na amri hiyo. Akaandika mtihani. Haina habari. Akaandika, kwa sababu alikuwa peke yake, nisaidie, na hilo nalo haikuwa na habari nalo. Kila neno lilipanda juu na kuganda pale, yakapangana kiooni moja juu ya jingine, mambo yote aliyoyataka na kunyimwa.

Humo ndani mlikuwa na kila kitu. Mkwe hasemi uongo. Alikuwa amefika sebuleni kwake mwenyewe, taa zimezimwa, na akinyoosha mkono hashiki ukuta wala kiti.

Alasiri wakaja wateja wawili kwa nyakati tofauti, akawaambia mashine inapumzika. Wote aliwaona kwa upenyo wa mlango wakivuka barabara. Bahasha ya mwalimu aliitia kifuani, akalala nayo.

*

Jumatano Simoni alifika mapema, na mkokoteni. Mkokoteni akauacha nje palepale chini ya kibao, ili majirani wapate la kusema. Gasto alikuwa amevaa shati lake la kazini, limepigwa pasi.

"Tuione basi," Simoni akasema. Akawasha, akatazama kioo cheusi, akatikisa kichwa kama daktari asiyetaka lawama. "Mzee Gasto, hii si ile tuliyoongea. Hii haina sura. Mashine isiyo na sura ni chuma, na chuma kina bei yake."

"Juzi ulisema bei nyingine."

"Juzi sikujua ni chuma."

 Luciana aliona mkono wa Gasto ukipanda kulainisha mfuko wa shati, pale alipokuwa akiweka kalamu zake stoo. Akatazama pembeni, ukutani, halafu akakumbuka ule ukuta, akarudisha macho.

Ndipo Scola akaingia na vumbi la basi, akimvuta Derick mkono kama anavyovutwa mbuzi asiyetaka mnada. Wakaamkia, shikamoo baba, shikamoo mama, Derick akielekeza ya pili kwenye kizingiti. Scola hakuuliza mtu. Akaitundika khanga, akamsukuma mumewe nyuma yake. Luciana akatoka akaketi kwenye benchi, akitazama barabara na mkokoteni.

"Diski unazo?" Scola akauliza.

"Ninazo zote."

"Basi weka."

"Niweke ipi?"

"Yoyote."

"Hakuna kitu kinaitwa yoyote," Derick akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda, kwa kuwa hapo ndipo ilipokuwa imani yake. "Hiyo ndiyo shida ya ule wa zamani. Mtu anauziwa mashine na sura moja, amefungwa nayo, hajui hata kwamba amefungwa. Huu mfumo ni wa watu. Wako wanaoutaka kwa mashine ndogo kuliko hii, wako wanaofanyia kazi ambazo sura hawaihitaji kabisa. Ukiwachagulia wote moja, uhuru uko wapi? Na hii ni mashine ya mama. Nikimwekea ninayoipenda mimi nitakuwa nimeingia jikoni kwake nikampangia mafiga."

Simoni akaguna kwa furaha. Lakini aliyejibu alikuwa Gasto, ambaye ndiye aliyetaka kuuza.

"Mkwe, nikuulize. Wewe umejenga nyumba, umemwachia mgeni achague mlango. Vizuri. Mgeni amefika na mvua. Huo mlango anauchagulia wapi, nje?"

"Baba, mgeni angeulizwa mapema."

"Aliulizwa. Naye ni mtu wa kusema nimeelewa. Wewe ulikuwa hulijui hilo? Umeoa humu ndani."

Derick akatazama vidole vya miguu yake. Akasema polepole, "Lakini baba, ukimwekea mtu mlango, lini atachagua wake?"

Na hilo nalo lilikuwa neno. Hata Gasto alilikubali kwa kichwa. Simoni alikuwa anazungusha waya wa printa mkononi, tayari kwa safari.

Scola ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka ameshika khanga mpaka kamba ikatikisika. "Na mimi je?" akasema. "Nyumbani kwetu Manyoni mashine ninayotumia mimi, niliikuta na sura. Nani aliniuliza?"

"Wewe ni mke wangu."

"Mke anachaguliwa?"

"Si uliipenda."

"Niliizoea. Kupenda kulikuja nyuma. Na ile picha ya maporomoko uliyoniwekea niliitoa mwenyewe, nikaweka ya ng'ombe wa bibi, ukanuna mpaka usiku."

"Sikununa."

"Ulinuna, hukunywa hata chai." Akajifuta macho. "Unajua ni kwa nini nilijua inaweza kutolewa? Kwa sababu kulikuwa na ya kutoa."

Derick aliinamisha kichwa. Kivuli chake kilionekana kwenye khanga. Kibodi ikagongwa kidogo, diski ikaingizwa, mashine ikaanza kunguruma. Kisha ikatulia, na sauti yake ikaja, ya kawaida, ya chini. "Imefika pale pale. Inasubiri jibu. Muulize mama, anataka sura ipi?"

"Muulize mwenyewe," Scola akasema. "Mimi mikono imechoka kushika pazia." Akaliachia pindo, akaenda kusimama karibu na baba yake.

Hapo hapakuwa tena na mjumbe. Derick hakuweza kuuliza na Luciana hakuweza kusikia. Simoni aliweka mkono juu ya kompyuta, upande wa nyuma, panapobebwa. Gasto alitazama mkono ule, halafu akamtazama mkewe, na hakusema mpe wala usimpe.

Luciana alikuwa anatazama mkokoteni, lakini alichokiona ni kijumba cha udongo kule Misigiri, siku ile alipoingia kama bibi harusi, miguu ikiwa na vumbi la Mungaa bado, watu wa harusi wakiwa na njaa uani. Mama Sikudhani alikuwa ameshapanga mafiga matatu, na moto ameuwasha. Hakumwuliza kitu. Mafiga yalikuwa yameachana mno kwa sufuria yake, ikakaa upande, lakini ugali uliiva na watu wakala. Mvua zilipokatika, siku moja Luciana, bila kusema, alisogeza figa moja kwa mguu. Mama mkwe alipita, akaliona, akaenda zake kuchuma mlenda.

Akaipapasa bahasha kifuani. Kisha akageuza benchini magoti yake, si uso, kidogo tu kuelekea ndani.

"Mkwe," akaita.

Neno lilipita kwenye khanga peke yake, bila wa kulishika mkono. Nyuma ya pazia kiti kililia. Kijana alikuwa amesimama.

"Naam, mama."

"Niwekee ileile uliyomwekea mwanangu bila kumwuliza. Leo nipike, watoto wa mwalimu wapate kula. Figa nitalisogeza mwenyewe."